Safari ya gari ya siku moja hadi kijiji cha kando ya ziwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudiwa na watu wanaotaka kutoka asubuhi, kuliona ziwa, kuloweka miguu, na usiku uleule kulala kwenye vitanda vyao. Tunaanza na ya msingi. Ya nadra yako mwishoni. Pale jibu linapogusa jambo linaloelezwa mahali pengine, utaelekezwa lilipo.

## Umbali na saa

Umbali gani unafaa kwa kwenda na kurudi siku hiyohiyo?

Usipime kwa kilomita, pima kwa saa. Kilomita 150 za lami tupu ni asubuhi nyepesi. Kilomita 150 zenye malori, miji midogo na kipande cha vumbi mwishoni zinaweza kukulia nusu ya siku. Kipimo changu ni hiki: saa za barabarani, kwenda na kurudi pamoja na kusimamasimama, zisizidi saa za ufukweni. Zikizidi, umeenda kuendesha gari tu, na ziwa limekuwa mahali pa kugeuzia.

Kwa watu wengi hesabu hiyo hufika saa mbili na nusu hadi tatu kwa upande mmoja. Mkiwa na watoto wadogo, saa moja na nusu inatosha kabisa. Kijiji kikiwa mbali kwa saa nne au zaidi, tafuta pa kulala huko.

Ratiba nianze kuipanga wapi?

Anzia mwisho, rudi nyuma. Jiulize kwanza giza linaingia saa ngapi, kisha uamue uwe nyumbani kabla ya hapo au uwe angalau umeshaiacha njia mbaya. Tuseme giza ni saa 1 usiku na mnataka kufika nyumbani saa 12:30 jioni. Njia ni saa mbili na nusu, ongeza nusu saa ya kusimama: mnaondoka ziwani saa 9:30 alasiri. Mkitoka nyumbani saa 12 asubuhi mtafika saa 3, na mtakuwa na saa sita na nusu za ziwani. Mkitoka saa 3 asubuhi, zinabaki tatu na nusu, nazo ni zile za jua kali.

Wengi hupanga saa ya kuondoka nyumbani tu, ile ya kuondoka ziwani wakaiacha ijipange yenyewe. Haijipangi. Iandikeni, na kila mtu garini aijue tangu asubuhi, maana ufukweni hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema "twendeni".

Ramani ya simu inasema saa mbili. Niiamini?

Kwa barabara kuu, ndiyo. Kwa kipande cha mwisho, itilie shaka. Programu za ramani hukadiria muda kwa kutegemea sana mwendo wa simu zilizomo kwenye magari yanayopita, na njia inayopitwa na magari machache huziachia kidogo cha kukadiria. Barabara ya kuingia kijiji kidogo ndiyo mara nyingi ya namna hiyo. Kilomita 20 za mwisho zikiwa za vumbi, nazihesabia dakika 45 hata simu ikisema 20.

Kuna mitego mingine miwili. Wa kwanza ni majina: vijiji viwili vinaweza kuitwa sawa, hivyo hakiki kwa kutazama picha ya satelaiti kama kweli kuna maji mbele yake. Wa pili ni ziwa lenyewe. Kijiji unachokiona ng'ambo, kilomita kumi tu juu ya maji, kinaweza kuwa kilomita themanini kwa barabara inayozunguka ghuba. Na njia iliyoitwa fupi inaweza kuwa imepitishwa kwenye kivuko chenye ratiba yake na foleni yake.

Nikiongeza mwendo nitaokoa muda kiasi gani?

Kidogo mno. Kilomita 50 kwa mwendo wa 80 ni dakika 37 na nusu. Kwa 100 ni dakika 30. Umeokoa dakika saba na nusu, ambazo mtu mmoja akienda msalani zimekwisha. Muda wa safari ya siku moja huokolewa kwa kutoka mapema. Kukanyaga mafuta hakusaidii.

Nina vijiji viwili vya kuchagua. Nichague kipi?

Kilicho magharibi mwa unakotoka, mengine yote yakiwa sawa. Sababu ni jua. Ukielekea magharibi asubuhi, jua liko mgongoni. Ukirudi mashariki jioni, liko mgongoni tena. Kijiji cha mashariki hukupiga jua usoni kwenda na kurudi, na jua la jioni likiwa chini kwenye kioo chenye vumbi huficha watembea kwa miguu na baiskeli. Huko mashariki kunaendeka, ila safisha kioo ndani na nje, beba miwani ya jua, na usitoke alfajiri kabisa.

Baada ya hapo tazama mambo ya kawaida: kuna kivuli? Kuna pa kuegesha gari? Ufukwe ni mchanga, mawe au matete? Matete yana samaki na ndege wengi, lakini si pa kuogelea (tazama swali la kichocho).

Siku gani ya wiki ni nzuri?

Ya katikati ya wiki, kama una uwezo. La sivyo Jumamosi, kwa sababu jioni ya Jumapili barabara zinazorudi mjini hujaa watu waliokuwa na wazo kama lako.

## Gari

Nikague nini kabla ya kuondoka?

Kagua siku moja kabla, ili ukigundua tatizo uwe na muda wa kulitatua. Mafuta ya injini, maji ya rejeta injini ikiwa baridi, breki, taa zote, vaipa na maji yake, betri, mkanda wa kila kiti. Kisha fungua buti uliangalie tairi la akiba, na uangalie kama jeki na spana ya magurudumu vipo. Jambo hili la mwisho hupuuzwa kuliko yote. Tairi la akiba lisilo na upepo ni mzigo tu. Kama gurudumu lina nati ya kufuli, ule ufunguo wake nao uwepo.

Matairi yapime upepo yakiwa ya baridi, yaani kabla ya kuendesha. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko, kwa kawaida kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba iliyochorwa ubavuni mwa tairi ni kikomo ambacho tairi halipaswi kuzidishwa. Usijaze kufikia hapo. Nchi nyingi zinataka meno ya tairi yasipungue milimita 1.6, lakini kwenye mvua ningetaka angalau tatu.

Kwa nini wanasema breki ni muhimu zaidi kwa safari ya ziwani?

Kwa sababu ziwa hukaa bondeni. Maji yote ya eneo hukusanyika mahali pa chini, kwa hiyo kipande cha mwisho cha kwenda mara nyingi ni mteremko, na kipande cha kwanza cha kurudi ni mlima. Maziwa ya Bonde la Ufa, kama Tanganyika na Malawi, ndiyo mfano ulio wazi: ukitokea nyanda za juu, barabara hushuka ukingo mzima wa bonde kabla hujaona maji.

Kwenye mteremko mrefu tia gia ndogo ukaiache injini ishike gari. Hata gari la otomatiki huwa na nafasi ya kufanya hivyo. Ukikanyaga breki mfululizo zitapata moto na kulegea. Ukisikia harufu ya kuungua na pedali inazama, simama mahali salama uzipumzishe, usizimwagie maji. Kurudi, mlima utakula mafuta zaidi na kuipasha injini joto, basi usishangae kwamba mafuta ya kwenda hayalingani na ya kurudi.

Gari dogo linafika, au lazima liwe la juu?

Mara nyingi linafika wakati wa kiangazi na haliifiki sehemu hiyohiyo wakati wa mvua. Swali la kumuuliza mtu aliyeko huko halipaswi kuwa "barabara ni nzuri?", maana kila mtu hupenda kwao. Uliza: "Juzi mvua iliponyesha, magari madogo yalipita?" Jibu la swali hilo unaweza kulipangia safari.

Mafuta nijaze wapi?

Kwenye mji mkubwa wa mwisho kabla ya kuacha barabara kuu, hata kama tangi bado lina nusu. Usihesabie kituo cha kijijini.

Nina gari la umeme. Safari hii inawezekana?

Inawezekana kama kwenda na kurudi kunaingia kwenye chaji moja na ikabaki robo, au kama kuna pa kuchajia njiani ambapo umehakikisha panafanya kazi. Mwendo mkali, baridi na mlima wa kurudi vyote hupunguza umbali. Mteremko wa kwenda hurudisha kidogo kwenye betri, lakini si kiasi cha kulipia mlima. Ukichajia kwenye mashine ya kasi, ishia asilimia 80; kuanzia hapo umeme huingia polepole na wewe unapoteza saa za ziwani.

## Watu na mizigo

Dereva mmoja anatosha?

Kwa saa mbili kila upande, ndiyo. Zaidi ya hapo heri wawili, na yule wa kurudi ndiye apumzike zaidi mchana. Kama ni mmoja, kubalianeni tangu mwanzo kwamba hanywi pombe hata kidogo, na kwamba atapata dakika ishirini za kulala kivulini kabla ya kuwasha gari. Jua, kuogelea na shibe humchosha mtu kuliko anavyojua.

Mtoto wangu hutapika garini. Nifanyeje?

Kichefuchefu cha garini huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 12. Hutokea pale sikio la ndani linapohisi mwendo huku macho yakiona kitu kilichotulia, kama kitabu au simu. Basi mwondolee vya kusoma na kutazama kwa karibu, muoneshe mbali mbele, fungua dirisha kidogo, mpe chakula chepesi kisicho cha mafuta kabla ya safari. Kona za mteremko ndipo mambo huharibika. Simama kabla yake, sio baada. Mfuko na kitambaa viwe mkononi, visiwe butini.

Na awe mkubwa au mdogo, akae kwenye kiti kinachomfaa kwa kimo chake. Kumpakata mtoto si kinga: gari likigonga, hakuna mikono inayoweza kumzuia.

Nibebe nini?

Maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani, na lita tano za ziada za gari au za kunawa. Taulo kwa kila mtu, nguo kavu ya kubadili, kofia, viatu vya kuingia navyo majini (mawe, ndoano na konokono ni vitu vya kweli), kisanduku cha huduma ya kwanza, tochi, mfuko wa taka, na pesa taslimu za noti ndogo kwa sababu mtandao wa malipo hukatika. Betri ya ziada ya simu, na ramani ya eneo iliyopakuliwa mapema.

Mafuta ya kujikinga na jua ni ya kila mtu anayeungua, na yarudiwe kila saa mbili na baada ya kutoka majini. Upepo wa ziwa hupoza ngozi, ukajiona huungui kumbe unaungua. Ziwa la milimani ni kali zaidi: mionzi ya jua inayounguza huongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda.

Chakula kitakaa vipi bila kuharibika?

Vyakula vilivyopikwa na vya maziwa visikae zaidi ya saa mbili nje ya baridi, au saa moja kukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32. Butini kwenye jua joto hilo linafikiwa mapema. Weka barafu juu ya chakula, si chini tu, kwa kuwa hewa baridi hushuka. Vinywaji viwe na kasha lao peke yake. Kasha linalofunguliwa kila dakika tano halihifadhi kitu.

Naweza kuja na mbwa?

Unaweza, kwa kamba, kama kijiji kinaruhusu. Soma jibu la maji ya kijani kabla ya kumwachia aingie ziwani. Usimwache garini, wala usimwache mtoto garini, hata kwa "dakika moja": nje pakiwa na nyuzi 24 tu, ndani ya gari lililofungwa joto linaweza kupanda kwa nyuzi 11 ndani ya dakika kumi.

## Njiani

Tupumzike mara ngapi?

Kila saa mbili, dakika kumi na tano, mkatoka nje ya gari kabisa. Hatari kubwa ni kurudi, kwa vile mwili wenyewe hulegea kati ya saa 8 na saa 10 mchana, na ndio muda wengi wanaposhika usukani kutoka ziwani. Dalili ni kupiga miayo mfululizo, kutokumbuka kilomita chache zilizopita, gari kugusa mstari. Muziki na dirisha wazi havitibu. Kinachosaidia ni kunywa kahawa kisha kulala dakika ishirini hapohapo. Kahawa huchukua kama nusu saa kuanza kazi, kwa hiyo unaamka ikiwa imefika.

Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa gari hupita karibu mita 28 kila sekunde. Kusinzia sekunde nne ni zaidi ya mita mia moja bila dereva.

Maji yamekatiza barabara. Tuvuke?

Hapana. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kuliinua na kulisukuma gari dogo, na sentimita 60 huchukua magari mengi yakiwemo ya juu. Tena huoni kama barabara iliyo chini yake bado ipo. Subiri yapungue au geuka.

Mtandao ukikatika, ramani itafanya kazi?

Ndiyo, kama uliipakua. Simu hupata mahali ilipo kwa satelaiti, haihitaji mtandao kwa hilo. Mwambie mtu wa nyumbani mnapokwenda na saa mnayotarajia kurudi, ili kimya chenu kijulikane ni cha kawaida hadi lini.

## Ziwani

Tukifika, cha kwanza ni nini?

Salamu, kisha maswali. Kijiji kidogo cha ziwani ni mahali pa kazi kabla ya kuwa mahali pa matembezi. Mtafute mvuvi au mtu wa gati, msalimie bila haraka, umuulize mambo manne: tuegeshe wapi, wapi pa kuogelea na wapi hapana, upepo huanza saa ngapi, na kuna mahali pasipopigwa picha? Dakika tano hizo zina faida kuliko maoni yote uliyosoma kwenye simu. Nyavu zilizoanikwa usizikanyage, na njia ya kutolea mitumbwi usiizibe kwa gari wala kwa mkeka.

Gari niegeshe wapi?

Pagumu na palipoinuka, pua ikiangalia mnakotokea. Mchanga ulio karibu na maji hudanganya: juu mkavu, chini tope. Mimi nilinasa mahali ambapo magari mawili yalikuwa yamesimama salama. Sikujua kwamba wenzangu wale walikuwa wameegesha juu ya mawe yaliyofukiwa. Ikishatokea, tazama swali la gari lililonasa.

Ni salama kuogelea?

Inategemea ziwa, na hata upande wa ziwa. Ogelea pale watoto wa wenyeji wanapoogelea, na uulize kuhusu mamba na viboko kwenye maziwa ya Afrika. Viboko hutoka majini jioni kwenda malishoni na hurudi alfajiri. Usisimame kati yao na maji.

Kina ndicho kinachowaua watu wasio na habari. Ufukwe wa ziwa unaweza kuwa wa magoti kwa hatua kumi kisha ukadondoka ghafla. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, na kwingine kingo zake ni ukuta. Maji safi yanaongeza udanganyifu: kwa sababu mwanga hupinda, kina unachokiona ukitazama chini ni kama robo tatu tu ya kina halisi. Panapoonekana mita moja na nusu ni mita mbili. Usiruke kichwa mbele mahali usipopapima kwa miguu.

Na ziwa lina tabaka. Juu pana uvuguvugu wa jua, chini kidogo baridi kali. Maji ya chini ya nyuzi 15 humfanya mtu avute pumzi kwa mshtuko bila hiari, na akiwa chini ya maji hiyo ni pumzi ya maji. Ingia polepole. Ukishtuka, lala chali uelee hadi pumzi itulie, ndipo uogelee.

Kichocho ni tishio la kweli?

Ni la kweli kwenye maziwa mengi ya joto barani Afrika, na hata sehemu za Asia na Amerika Kusini. Vijidudu hutoka kwa konokono wa maji yasiyo na chumvi, huogelea, na hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda. Hupatikana zaidi kwenye maji yaliyotulia yenye majani na matete, penye konokono wengi, na karibu na mahali watu wanapojisaidia au kufulia. Maji ya mbali na ufukwe yana hatari ndogo, lakini si sifuri.

Hakuna chanjo. Kujikausha haraka kwa taulo kunaweza kupunguza hatari, lakini usikuhesabie kuwa kinga. Ziwa likiwa na kichocho, uamuzi ni wako. Kutazama maji kutoka kwenye kiti nako ni kwenda ziwani. Kama mliogelea, kuna jibu mwishoni kabisa.

Maji yana utando wa kijani. Ni uchafu tu?

Huenda ni bakteria wanaoitwa mwani wa kijani-buluu. Wakistawi sana, maji huonekana kama rangi ya ukuta iliyomwagika, na baadhi yao hutoa sumu inayoathiri ini au neva. Mbwa hufa kwa kunywa maji hayo au kujilamba manyoya. Usiingie, usimwachie mtoto, na usiyachemshe ukadhani umeyatengeneza: kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi sumu hii.

Boti tupande saa ngapi?

Asubuhi. Mchana nchi kavu hupata moto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda, na ile ya ziwani huja kujaza nafasi. Ndio ule upepo wa alasiri unaoinua mawimbi. Ziwa lililokuwa kioo saa 3 asubuhi linaweza kuwa na mawimbi ya kulowesha kila mtu saa 9 alasiri.

Jaketi la kujiokolea livaliwe tangu gatini, lifungwe, la mtoto liwe la kimo chake. Jaketi lililo chini ya kiti halimwokoi mtu. Kama hayatoshi, msipande, hata kama nahodha anacheka. Maboya ya kujaza upepo ni ya kuchezea: upepo unaotoka nchi kavu huyasukuma kati ya ziwa haraka kuliko mtu mzima anavyoweza kuogelea.

Naweza kupiga picha na kurusha droni?

Watu, kwa ruhusa yao. Droni ina sheria katika nchi nyingi, zikiwemo za usajili na za maeneo ya mpaka, na maziwa mengi makubwa ni mipaka ya nchi. Ichunguze sheria kabla ya kuifunga kwenye begi.

Nikikosa maji ya kunywa, ya ziwa yanafaa?

Yakichemka kwa nguvu dakika moja, au tatu kama mko juu ya mita 2,000, yatakuwa salama dhidi ya vijidudu. Si dhidi ya mwani uliotajwa juu wala kemikali.

## Mambo yakienda kombo

Gari limenasa kwenye mchanga. Tuanze vipi?

Acha kukanyaga mafuta; kila mzunguko unachimba. Shusheni watu na mizigo, ondoeni mchanga mbele ya magurudumu, punguza upepo wa matairi kwa theluthi hivi, wekeni mazulia ya gari au matawi, kisha utoke taratibu kwa gia ndogo. Asisimame mtu nyuma ya gurudumu linalozunguka. Tairi lililopunguzwa upepo lirudishiwe kabla ya kukimbia kwenye lami, kwa hiyo pampu ndogo ina thamani ya nafasi yake butini.

Radi imeanza na wengine wako majini.

Wote watoke, mara moja. Ukiona mwanga na ngurumo ikasikika kabla ya sekunde 30, radi iko karibu ya kudhuru. Gari lenye paa la chuma lililofungwa ni kinga nzuri; mti ulio peke yake ni mahali pabaya kuliko vyote. Msirudi majini hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Mtu anazama. Nirukie?

Usirukie kama hujafunzwa. Wengi huzama wawili kwa njia hiyo. Piga kelele za msaada, mrushie kitu kinachoelea, dumu tupu lenye kifuniko linafaa, au mnyooshee mti na kamba huku umelala chini. Fahamu pia kwamba anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kichwa kinarudi nyuma, mdomo uko usawa wa maji, yuko kimya. Akitolewa akiwa hapumui, anahitaji kupuliziwa pumzi pamoja na kukandamizwa kifua, maana kilichomkosa kwanza ni hewa. Aliyemeza maji na kuendelea kukohoa apelekwe kituo cha afya hata akisema yuko sawa.

Tumechelewa na giza linaingia. Turudi au tulale?

Kama njia ina mteremko, vumbi, wanyama au dereva aliyechoka, laleni. Siku ya kazi iliyoharibika ina maelezo yake. Kama ni lami na mna dereva mpya, rudini polepole, taa zikiwa safi.

Watu wengi hupima machweo kwa vidole, wakisema vidole vinne vya mkono ulionyooshwa, kati ya jua na upeo, ni saa moja kabla ya machweo. Karibu na ikweta msitumie kipimo hicho. Huko jua hushuka karibu wima, na vidole vinne ni kama nusu saa tu, kisha giza huja upesi.

Mvua imetabiriwa siku nzima. Tuahirishe?

Kama barabara ya mwisho ni ya udongo, ahirisheni. Kama ni lami hadi mlangoni, nendeni bila nguo za kuogelea. Ziwa kwenye mvua, bila umati, ni kitu kingine kabisa.

Tulirudi salama, lakini siku hiyohiyo ngozi ilianza kuwasha. Na kuhusu kichocho?

Kuwashwa saa chache baada ya kutoka majini, kwenye sehemu zilizolowa, kunaweza kutokana na vijidudu vya ndege wa majini vilivyoingia kwenye ngozi kimakosa na kufia humo. Hutokea hata kwenye maziwa ya nchi za baridi na huisha kwenyewe, usijikune.

Kwa ziwa lenye kichocho ni jambo jingine, kwa kuwa mtu anaweza asihisi chochote. Kipimo cha damu hufaa zaidi kikichukuliwa wiki 6 hadi 8 baada ya kuingia majini. Kabla ya hapo kinaweza kusema huna wakati unacho. Mkipata homa, kikohozi au vipele wiki chache baada ya safari, au damu kwenye mkojo wakati wowote, mwambieni daktari jina la ziwa na tarehe. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli.